Brashi Nzuri ya Inchi Tatu

Idrisi hakuwahi kununua brashi kwa kuitazama tu. Jumatatu hiyo asubuhi alisimama mbele ya kaunta ya Mbaka, muuza vifaa vya ujenzi pale Makutano, akaomba atolewe brashi sita za inchi tatu, zote za aina moja. Kisha akaanza kuzipima. Alizikunja nywele kwa kiganja, akaziachilia, aone kama zinarudi wima au zinabaki zimelala. Alizivuta kwa vidole viwili, kwa sababu brashi inayotoa nywele dukani itatoa nywele mlangoni. Alizipanua akatazama kijiti kilichofichwa katikati. Kikiwa kinene, brashi ni tupu ndani na haitabeba rangi. Aliziinua kwenye mwanga akachunguza ncha. Ncha nzuri huwa zimechanika kidogo, nyembamba kuliko uzi. Mwisho aligonga mpini kwenye kaunta, akasikiliza kama pete ya bati inacheza.

Nyuma yake palikuwa na wateja wawili waliotaka misumari. Mmoja alikwisha kukohoa mara tatu.

"Fundi," Mbaka alisema, "hiyo brashi unanunua ama unaoa?"

"Ndoa ikiharibika wazee watakaa chini waongee," Idrisi alijibu bila kuinua macho. "Mlango ukiharibika, ni mzee gani atakuja?"

Watu walicheka. Idrisi alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuionyesha. Jana yake alikuwa amemaliza mlango wa chumba cha Aminah, binti wa Abdilatif, mwenye bucha ya mtaa wa Majengo. Aminah angeolewa Ijumaa, na nyumba nzima ilikuwa inapakwa kwa ajili ya wageni wa kutoka Isiolo. Abdilatif alipitisha kiganja kwenye ule mlango mara mbili, akamwita jirani naye aje apitishe chake. Akasema mbele ya watu kwamba milango mingine sita na ukanda wa ukuta wa sebule vipakwe vivyo hivyo. Akaongeza kwamba jengo lake jipya la Makutano lina milango arobaini, na fundi wa milango hiyo sasa anajulikana. Idrisi alikuwa amepaka rangi Majengo kwa miaka kumi na moja. Hakuwahi kupewa jengo.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo. Milango ilikuwa ya kahawia na ukanda wa sebule ungekuwa wa krimu, kwa hiyo alihitaji brashi ya pili kama ile ya kwanza. Aliichagua ya nne, akaiweka kando.

"Hiyo," alisema.

Mbaka aliandika risiti. Alikuwa mtu wa utani, Mmeru wa kanisani, na alimpenda Idrisi kwa sababu Idrisi hakurudisha vitu. "Wewe huwa unanishangaza," alisema. "Watu wa Majengo hawali nguruwe, hata kumtaja hawataki. Lakini fundi wao ndiye customer wangu mkubwa wa nguruwe."

Wateja wa misumari walicheka tena. Idrisi pia alicheka, kwa sababu dukani mtu hucheka utani wa mwenye duka. Kisha akauliza, "Nguruwe gani?"

"Si ni hii hapa." Mbaka aligusa brashi. Alitazama uso wa Idrisi, na kicheko chake kikapungua. "Fundi, kwani hukuwa unajua?"

"Kujua nini?"

Mbaka alitoa boksi chini ya kaunta, akaligeuza upande wenye maandishi madogo. Alisoma polepole, akatafsiri: nywele halisi za nguruwe, zilizochemshwa na kupangwa. "Ndiyo maana inabeba rangi. Hizo ncha zilizochanika unazotafutanga, ni unywele wa nguruwe peke yake uko hivyo. Mimi nilidhani unajua. Nikajisemea, labda kwenu kushika si kitu, shida ni kula tu."

Mteja mmoja alisema, "Wueh." Mwingine alitazama misumari.

Idrisi aliondoa mkono kwenye kaunta. Aliuliza kama kuna brashi nzuri isiyo ya nywele hizo. Mbaka alisema kwamba iko, ya nyuzi za kutengenezwa, inatoka Nairobi, na mpaka aiagize. Wiki mbili. Iliyokuwapo dukani ilikuwa ya nailoni ya shilingi mia moja na ishirini.

"Lakini hiyo kwa rangi ya mafuta ni ufagio," Mbaka alisema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nipe mbili."

Mbaka alimpunguzia shilingi ishirini. Alifanya hivyo kwa kumhurumia, na wateja wote wawili waliona kwamba anamhurumia.

*

Rahema, mke wa Idrisi, alikuwa akikaanga bajia mlangoni pa chumba chao. Chumba hicho kilikuwa katika ploti ya Abdilatif, nyuma ya msikiti, cha tano kutoka bombani. Idrisi hakumwambia kitu mpaka alipomaliza kumhudumia mteja. Kisha akamwita ndani, akafunga pazia.

"Nipe kiberiti."

"Umeanza sigara, Baba Abdi?"

Alieleza kwa maneno machache. Rahema alisikiliza akiwa ameshika upawa. Alisema kwamba Mbaka ni mtu wa mzaha na boksi si Kurani. Idrisi alisema ndiyo maana anataka kiberiti.

Alichomoa uzi mmoja kwenye brashi ya nailoni akauwasha. Uliyeyuka, ukajikunja, ukawa tone dogo jeusi, ukanuka kama mfuko wa plastiki. Kisha akachomoa unywele mmoja kwenye brashi ya zamani, ile iliyopaka mlango wa Aminah. Ulishika moto, ukasinyaa, ukawa majivu. Chumba kikajaa harufu ambayo kila mtu wa Majengo huijua, kwa sababu kila asubuhi wachinjaji huchoma vichwa vya mbuzi nyuma ya soko.

"Ni nywele," Rahema alisema.

"Ni nywele."

"Za ng'ombe pia zinanuka hivyo."

"Boksi limesema za nani."

Rahema aliketi kitandani. Alianza kuhesabu, na hakuwa anahesabu fedha. "Kwa Bi Halimah ulipaka mlango na madirisha. Kwa mwalimu wa madrasa, nyumba nzima. Kwa kaka yangu." Alikunja kidole cha tatu. "Na msikiti?"

"Msikiti tulipaka kwa rola. Rola ni nyuzi tu za kiwandani."

"Na fremu za madirisha?"

"Za msikiti ni za alumini. Hazipakwi."

Rahema alishusha pumzi. Kwa muda mfupi wote wawili waliishukuru alumini. Kisha akasema, "Mwambie Abdilatif leo. Kabla hujapaka mlango mwingine."

"Nimwambie nini? Kwamba mlango wa bibi harusi umepakwa na nguruwe? Siku nne kabla ya nikahi? Mtu anayeuza nyama?"

"Hukujua. Asiyejua hana dhambi."

"Mungu atasema hivyo. Majengo je?"

Rahema aliweka upawa chini. Alijua kwamba mtu akianguka Majengo asubuhi, saa sita watu wa sokoni wanajua alikuwa amevaa nini. Alijua pia kwamba chumba walichokaa ni cha Abdilatif, na kwamba mwenye nyumba hahitaji sababu ndefu. Mwishowe walikubaliana jambo lililoonekana rahisi. Brashi ya zamani ingefungwa kwenye gazeti na kuwekwa juu ya kabati. Milango sita ingepakwa kwa nailoni, polepole, kwa uangalifu. Mkono mzuri ungeficha brashi mbaya. Baada ya harusi wangefikiria hayo mengine.

Idrisi alitoka na ndoo kwenda bombani. Alichota udongo safi kando ya ukuta, akaukoroga na maji, akaipaka mikono yake mpaka kwenye viwiko. Alisuuza. Akaanza kuhesabu. Alipofika mara ya tano, Bi Halimah wa chumba cha kwanza alitoka na beseni la nguo, akasimama. Mwanamke mzee wa Majengo haelezwi maana ya kunawa mara saba na udongo.

"Baba Abdi, umelambwa na mbwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbwa wa nani?"

"Wa huko Makutano."

"Pole. Mbwa wa Makutano hawana adabu," Bi Halimah alisema, akasubiri kwa heshima mpaka amalize ya sita na ya saba. Kisha akamwambia, "Ule mlango ulionipakia, mpaka leo mtu anauliza nani alipaka."

"Ahsante, Bibi."

*

Mkono mzuri haukuficha chochote. Jumanne Idrisi alianza mlango wa jikoni saa mbili asubuhi. Alipunguza rangi kwa tapentaini zaidi kidogo ili ienee. Rangi ikatiririka. Aliirudisha kuwa nzito. Ikakataa kujilaza. Nyuzi za nailoni zilikuwa ngumu na nyororo. Hazikushika rangi, zilisukuma tu, na kila zilipopita ziliacha mistari kutoka juu hadi chini. Alisubiri ikauke kidogo, akapiga msasa, akarudia. Mistari ikarudi. Alijua kila kitu kilichokuwa kinakosewa, na hakuwa na uwezo wa kukirekebisha. Hakuwahi kuona aibu kazini, hata alipokuwa mwanagenzi. Sasa aliiona akiwa peke yake, mbele ya mlango.

Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza milango miwili. Abdilatif alirudi kutoka buchani kula. Alikuwa mtu mnene, msafi, anayevaa koti jeupe ambalo mkewe hulifua kila jioni. Alisimama mbele ya mlango wa jikoni kwa muda.

"Idrisi."

"Naam, Mzee."

"Huu mlango umeupaka, au umeulima?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani walicheka. Idrisi alisema kwamba itajilaza ikikauka. Abdilatif alikwenda kwenye mlango wa Aminah, akaugusa. Akarudi kwenye wa jikoni, akaugusa. Alifanya hivyo kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya nyama kwenye mizani.

"Rangi ni ile ile?"

"Ni ile ile, Mzee. Mkebe mmoja."

"Fundi ni yule yule?"

Wanawake walicheka tena. Aminah alitoka chumbani mwake. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, amechukua likizo ya harusi, na mikono yake ilikuwa imeinuliwa kwa sababu ya hina. "Baba, mwache amalize," alisema. "Si amesema itakauka?"

Abdilatif hakumsikiliza. Aliokota brashi ya nailoni sakafuni, akaitazama bei iliyobandikwa kwenye mpini. Idrisi alikuwa amesahau kubandua karatasi.

"Mia moja na ishirini," Abdilatif alisoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, lakini mikono iliyokuwa ikichambua mchele ikasimama. "Juzi nilikupa mia tano ya brashi. Nikakuambia nunua kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza iko wapi?"

"Imeharibika, Mzee."

"Imeharibika siku moja? Na hii mia tano yangu imeharibikia wapi?"

Chenji yote ilikuwa mfukoni mwa Idrisi. Alikuwa amekusudia kuirudisha Ijumaa pamoja na maelezo ambayo hakuwa ameyapata. Aliitoa sasa. Kutoa fedha mfukoni baada ya kuulizwa kulionekana kwa kila mtu kama kukiri. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Kumbe." Abdilatif hakuipokea.

"Sitaki chenji, nataka brashi," alisema. "Nenda sasa hivi ukanunue ile nzuri. Uje upake upya milango hii miwili, na ile mingine minne. Au useme hutaki kazi, nitafute mtu. Mafundi wako wengi, wanatoka mpaka Mikinduri."

Idrisi alisimama na noti mkononi. Akinunua ile brashi, angepaka najisi kwa makusudi katika nyumba ya Mwislamu, na safari hii asingeweza kusema hakujua. Asiponunua, alikuwa mwizi wa brashi. Akiondoka, angetafutwa fundi mwingine, ambaye angenunua brashi ile ile kwa Mbaka na kupaka milango yote vizuri sana.

"Mzee," alisema, "naomba tuzungumze ndani."

"Zungumza hapa. Pesa ulipokea hapa."

"Ndani, Mzee. Tafadhali."

*

Walizungumza katika chumba cha Abdilatif, mlango umefungwa. Idrisi alisema yote kwa pumzi moja: boksi, kiberiti, harufu, mlango wa Aminah. Alisema pia miaka kumi na moja. Abdilatif alikuwa amesimama. Aliposikia neno nguruwe alitazama kiganja chake cha kulia.

Kutoka uani ilisikika sauti ya mchele ukipepetwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Na Mbaka wa duka la hadiwea, na wateja wake wawili, lakini kwao si kitu."

"Nilimwita jirani akauguse," Abdilatif alisema. "Nilimwita mwenyewe." Aliketi. "Ustadhi akiulizwa atasema nini?"

"Atasema hatukujua. Atasema uoshwe mara saba, moja kwa udongo, na iishe."

"Na ndivyo itakavyokuwa. Lakini hutamwuliza." Abdilatif aliinua kidole. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama anavyozungumza na wauza ng'ombe. "Nisikilize, Idrisi. Watu husikia neno nguruwe. Hawasubiri kusikia neno msamaha. Ukisema leo, kesho wageni wa Isiolo watakuwa wameshapigiwa simu. Nyumba ya Abdilatif ina nguruwe. Mlangoni, ukutani, kwenye sufuria, nani atauliza? Kesho kutwa mtu atasimama mbele ya bucha yangu, atazame nyama ikining'inia, aondoke. Nimeuza nyama miaka ishirini na saba. Hakuna kitu ninachouza pale ila kuaminiwa. Mfupa wenyewe mtu anaweza kununua popote."

"Lakini wale wengine, Mzee. Bi Halimah. Mwalimu. Wanaishi nayo."

"Wameishi nayo miaka. Hawajui, na asiyejua hana dhambi."

"Mimi sasa najua."

"Basi ni yako." Abdilatif alisema hivyo bila ubaya. "Ni yako na yangu. Wewe unakaa kwangu, mkeo anauza bajia mlangoni pangu, na watoto wako wanakula kwa mkono huo. Ukisema, hutapaka hata choo Majengo. Mimi nitaharibikiwa, lakini wewe utaanza."

Idrisi aliuliza milango mingine ipakwe vipi. Abdilatif alifikiri. Alikuwa mtu wa dini kwa namna yake, na hakuweza kusema lile jambo ambalo lingekuwa rahisi, kwamba ile brashi nzuri itumike tu.

"Maliza kwa hizo plastiki zako."

"Itakuwa na mistari."

"Iwe na mistari. Mtu akiuliza, ni mkono wako. Si brashi. Neno brashi lisitajwe tena katika nyumba hii." Aliinuka kufungua mlango, akasimama. "Na ile chenji rudi nayo nje, unipe mbele yao. Nitaipokea."

Idrisi alitoka, akampa chenji mbele ya wanawake. Abdilatif aliihesabu noti kwa noti, akasema, "Siku nyingine usijaribu." Idrisi akasema, "Nisamehe, Mzee."

Kulipopambazuka Jumatano walikutana mlangoni pa Aminah na ndoo mbili. Abdilatif alikunja mikono ya kanzu. Idrisi alitaka kumpokea kitambaa, lakini mzee alikataa. Waliupaka mlango udongo uliolainishwa, kutoka juu hadi chini, wakausuuza, wakaanza kuhesabu. Ilikuwa rangi nzuri, iliyopakwa vizuri. Haikupauka wala kubanduka. Kila walipoisuuza ilizidi kung'aa.

Aminah alifungua dirisha la chumba chake. "Baba, mnafanya nini?"

"Kuna vumbi."

Alitazama ndoo. Alitazama udongo kwenye kitambaa cha baba yake. "Ni mara ya ngapi hiyo?"

"Ya nne," Abdilatif alisema.

Aminah alikuwa amesoma madrasa hiyo hiyo ya Majengo miaka minane, na alijua ni najisi mbili tu duniani zinazooshwa hivyo, ya mbwa na ya nguruwe. Alikuwa aolewe keshokutwa. Aliwatazama wote wawili kwa muda, akafunga dirisha, akavuta pazia.

*

Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Nikahi ilifungwa msikitini, na chakula kilikuwa kwa Abdilatif. Wanaume walikaa sebuleni, na wanawake walijaza ua na vyumba vya nyuma. Idrisi alishika kazi ya birika, kunawisha wageni mikono kabla ya pilau. Rahema alikuwa akibeba masinia. Hakuna aliyewaambia wafanye kazi hizo. Siku tatu hizi walikuwa wamefanya kila kitu ambacho hakuna aliyewaambia.

Rahema alikuwa ameuliza swali moja tu tangu Jumanne. "Mpaka lini?" Idrisi alichukua ndoo yake akaenda kazini, naye hakurudia.

Habari ya chenji ilikuwa imekwisha kuzunguka. Kijana mmoja alipokuwa akinawishwa alimwambia, "Fundi, hiyo maji umepima ama umebakisha yako?" Waliokuwa karibu walicheka. Idrisi alimmiminia mpaka akatosheka.

Mjomba wa bwana harusi alikuwa mtu wa Isiolo, mrefu, mwenye biashara ya kujenga nyumba za kupangisha. Mtu wa kazi hiyo hakai katika nyumba bila kuikagua. Alitazama ukanda wa krimu ukutani, uliojaa mistari. Akatazama mlango wa sebule. Akatabasamu kwa upole.

"Abdilatif, ndugu yangu, nani alikufanyia hivi?"

Abdilatif alicheka kwa sauti kubwa. Alikuwa amejitayarisha. "Ni huyu hapa Idrisi. Zamani alikuwa fundi. Sasa mkono umezeeka kabla yake."

Wageni walicheka, kwa sababu mwenyeji alicheka. Idrisi alitabasamu. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Alisema, "Ni kweli, Mzee," akainamia mgeni aliyefuata na beseni lake.

Yule mjomba aliomba kuonyeshwa choo. Njia ilipita mbele ya chumba cha Aminah. Hakurudi upesi. Aliporudi alikuwa amechangamka.

"Lakini ule mlango kule ndani," alisema. "Ule ni kazi nyingine. Nimejenga miaka kumi na tano, sijaona rangi ya mafuta imelala hivyo. Unaona uso wako. Nani alipaka ule?"

Sebule ilisubiri. Watu wa Majengo waliokuwamo walijua nani aliupaka. Baadhi yao walikuwa wameugusa. Jirani aliyekuwa ameitwa kuugusa mlango Jumapili iliyopita aligeuka kumtazama Abdilatif. Ikiwa mkono ulikuwa mzuri Jumapili, ni nini kiliupata Jumanne? Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo halikupaswa kutajwa katika nyumba ile.

Abdilatif aliweka chini kijiko.

"Ule? Ule alikuja kuumalizia fundi mwingine," alisema. "Wa kutoka Embu. Alikuwa anapita tu, akaurudia Jumatano alfajiri. Idrisi ndiye aliyemshikia ndoo." Akageuka. Macho yake hayakuwa na amri, yalikuwa yanaomba. "Si ndiyo, Idrisi?"

Rahema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau. Alifungua mdomo. Idrisi alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwa namna ambayo mke tu ndiye huiona.

"Ndiyo," alisema. "Alitoka Embu."

"Anaitwa nani?"

"Ndambiri."

Jina lilimtoka haraka kuliko alivyotarajia. Jirani aliinua nyusi, akarudi kwenye nyama yake. Maelezo hayo yalimtosha. Hata yalimpendeza zaidi ya yale aliyoyajua awali, na kabla ya jua kuzama angekuwa ameyasimulia mara sita.

"Huyo ndiye ninayemtaka," mjomba alisema. Alitoa simu. "Nina ploti ya vyumba ishirini na nne Isiolo. Milango na madirisha. Nimetafuta mkono kama ule mpaka nimechoka. Nampa kazi ya mwaka mzima, na mahali pa kulala na familia yake. Nipe namba."

Idrisi alisimama na birika. Chumba chote kilikuwa kinamtazama, na hakuna aliyekuwa anamwona. Isiolo ilikuwa mwendo wa saa moja tu. Vyumba ishirini na vinne, milango na madirisha.

"Namba yake sina, Mzee," alisema. "Lakini akipita tena nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Mjomba alinyoosha mikono juu ya beseni. Idrisi aliinamisha birika, akammiminia maji polepole mpaka aliposema basi.